Kibali cha Kuchoma Sindano Barabarani

Paramediki, yaani mhudumu wa afya aliyefunzwa kutibu wagonjwa mahututi kabla hawajafikishwa hospitali, ni kada changa katika utabibu wa nchi za Magharibi, kwa kuwa Marekani na Uingereza zenyewe hazikuwa nayo kabla ya nusu ya pili ya miaka ya 1960. Historia yake husimuliwa mara nyingi kama historia ya ving'ora, magari na mashine, lakini swali lililoipa kada hiyo umbo lake lilikuwa la mamlaka: nani aamue kwamba dawa fulani iingie mwilini mwa mtu aliyelala kando ya barabara, na ikiwa mwenye mamlaka hayo hayupo pale, uamuzi wake umfikie kwa njia gani aliyeshika bomba la sindano. Majibu ya swali hilo yamebadilika mara kadhaa, na kila badiliko limeacha alama katika namna wanafunzi wa fani hiyo wanavyofundishwa kufikiri hadi leo.

Katika Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa ziliendeshwa na makampuni ya mazishi, kwa sababu isiyo na siri yoyote: katika miji mingi gari la kubebea maiti ndilo pekee lililokuwa na nafasi ya kumlaza binadamu. Aliyelipeleka hakutakiwa kujua zaidi ya kuendesha, na mkoba wa dawa, kama ulikuwapo, haukuwa wake kuufungua. Septemba 1966 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba katika mwaka 1965 ajali za kila aina ziliua watu 107,000, na 49,000 kati yao walikufa katika ajali za magari. Ripoti hiyo iliwanukuu wataalamu waliotoka Korea na Vietnam wakisema kwamba, lau wangejeruhiwa vibaya, wangekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona wakiwa vitani kuliko wakiwa katika mtaa wa kawaida wa mji. Serikali iliweza kununua magari na kuweka viwango vya mafunzo, na ilifanya hivyo. Suala la dawa halikuweza kutatuliwa kwa fedha, kwa sababu sheria za majimbo zilimkataza asiye daktari kutibu, na zilimruhusu muuguzi kutoa dawa kwa agizo la daktari tu.

Jibu la kwanza lilitoka Belfast, Ireland ya Kaskazini, nalo lilikuwa rahisi kulieleza lakini ghali kulitekeleza: daktari mwenyewe apelekwe kwa mgonjwa. Frank Pantridge, bingwa wa magonjwa ya moyo katika Hospitali ya Royal Victoria, alitambua pamoja na mwenzake John Geddes kwamba wengi waliokufa kwa shambulio la moyo walikufa katika saa za mwanzo kabla ya kufika wodini, tena kwa tatizo lenye tiba, yaani moyo kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Januari 1966 walianza kutuma gari lenye daktari, muuguzi na mashine ya kushtua moyo, yaani chombo kinachopitisha umeme kifuani ili mapigo yarudi katika mpangilio wake. Mashine hiyo ilitumia betri za gari na ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi, hivyo kuipandisha ngazi za nyumba za Belfast ilikuwa kazi ya wanaume wenye mgongo imara. Katika makala yao ya mwaka 1967 kwenye jarida la Lancet, walieleza habari za wagonjwa 10 waliosimama moyo nje ya hospitali na wakarudishiwa mapigo, 5 kati yao wakaruhusiwa baadaye kwenda nyumbani. Kwa upande wa dawa hakukuwa na jambo jipya, kwani aliyeamua kuhusu mofini au atropini, dawa inayoharakisha mapigo yaliyozubaa, alikuwa daktari yuleyule ambaye angeamua wodini, isipokuwa sasa alikuwa amepiga magoti sakafuni mwa sebule ya mtu.

Udhaifu wa mpango huo ulikuwa wa hesabu. Madaktari walikuwa wachache na simu za dharura zilikuwa nyingi, na mji wowote uliotaka kuiga Belfast ulijikuta unalazimika kuchagua kati ya kupunguza huduma na kumkabidhi mtu mwingine sindano. Walioichukua njia ya pili mapema, na kwa ukamilifu kuliko wengi, walikuwa watu ambao jamii ya Marekani ya wakati ule haikuwategemea hata kidogo. Katika mtaa wa Hill District mjini Pittsburgh, uliokaliwa zaidi na watu weusi, mgonjwa aliyepiga simu alifuatwa na gari la polisi, akalazwa nyuma bila mtu wa kumhudumia njiani, na wengi waliona afadhali wasipige kabisa. Mwaka 1967 Phil Hallen wa mfuko wa Maurice Falk, James McCoy wa shirika la Freedom House Enterprises na Peter Safar, daktari wa usingizi mzaliwa wa Austria, waliungana kuanzisha huduma ya magari ya wagonjwa ambayo wafanyakazi wake wangetoka katika mtaa huohuo.

Safar hakuwa mtu wa majaribio ya kubahatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore, alikuwa ameonyesha kwa vipimo kwamba kumpulizia mtu hewa mdomoni kunashinda mbinu za zamani za kuinua mikono na kubonyeza mgongo, na mwaka 1966 alikuwa amefiwa na binti yake Elizabeth, aliyekuwa na miaka 11, kwa ugonjwa wa pumu. Kwake yeye daktari wa usingizi, tofauti kati ya chumba cha upasuaji na barabara ilikuwa ya vifaa na mafunzo, kwa kuwa mapafu na moyo hufuata kanuni zilezile popote mtu alipolala. Kundi la kwanza la vijana 25, baadhi yao hawakumaliza shule ya sekondari na wengine walikuwa hawajawahi kuwa na ajira ya kudumu, lilifundishwa kwa takriban saa 300 anatomia, ufufuaji, uangalizi wa wagonjwa na uendeshaji wa gari, wakapitishwa katika vyumba vya upasuaji na vya dharura kabla ya kuachiwa magari. Katika mwaka wao wa kwanza waliitikia simu zipatazo 5,800. Inafaa kukumbusha kwamba mafunzo hayo yalipita kwa mbali yale waliyokuwa nayo wahudumu wa magari ya wagonjwa karibu kote nchini, na kwamba hata hivyo vijana hao waliendelea kuulizwa na wagonjwa wao, na mara nyingine na wafanyakazi wa hospitali, kama kweli wanajua wanachokifanya.

Wakati Pittsburgh ikijenga mtu, Miami ilikuwa ikijenga waya usioonekana. Eugene Nagel, naye pia daktari wa usingizi, alifanya kazi na askari wa zimamoto wa mji huo na kuanzia mwaka 1967 akatumia redio kupeleka chati ya umeme wa moyo, yaani mchoro unaoonyesha mwendo wa mapigo, kutoka kwa mgonjwa aliye barabarani hadi Hospitali ya Jackson Memorial. Daktari aliyekaa hospitalini aliiona chati, akasikia maelezo, kisha akatoa agizo. Kitaalamu huo ulikuwa ufundi wa kupendeza, lakini thamani yake kubwa ilikuwa ya kisheria, kwa sababu uliwezesha kudai kwamba mkono wa askari wa zimamoto ni mkono wa daktari uliorefushwa, na kwamba uamuzi bado uko mahali ulipokuwa siku zote. Hoja hiyo iliwatuliza madaktari waliohofia kunyang'anywa kazi na wanasheria waliohofia kesi, na huenda bila hiyo kada nzima ingekufa kabla ya kuzaliwa.

Los Angeles iliiweka hoja hiyohiyo katika maandishi ya sheria. Wakufunzi wa Hospitali ya Harbor General walikuwa tayari wamewafunza askari wa zimamoto, ila sheria iliwalazimu kwenda na muuguzi katika kila safari, na gari ambalo muuguzi wake hakupatikana lilibaki limejaa dawa zisizoweza kuguswa. Julai 1970 Gavana Ronald Reagan alitia saini sheria ya Wedworth-Townsend, iliyomruhusu paramediki kutoa dawa akiwa katika mawasiliano ya sauti na daktari au muuguzi aliyethibitishwa. Mawasiliano hayo yalikuwa na mpangilio maalumu ambao wanafunzi bado wanakaririshwa: kwanza umri na jinsia ya mgonjwa, kisha lalamiko lake kuu, mapigo, shinikizo la damu, upumuaji, halafu mwendo wa moyo kama unavyoonekana kwenye chati. Kituo kilijibu, kwa mfano, kwamba ianzishwe dripu ya sukari ya asilimia 5 kwa kasi ndogo ya kuuacha mshipa wazi tu, kisha itolewe lidokaini miligramu 75 kwenye mshipa. Paramediki alilirudia agizo neno kwa neno, jina la dawa, kiasi na njia ya kuitoa, kabla ya kuvunja kifuniko cha bomba. Kuanzia Januari 1972 kituo cha televisheni cha NBC kilionyesha tamthilia ya Emergency!, iliyowafanya watazamaji wa nchi nzima kuuzoea mwito wa redio kwa hospitali ya kubuni ya Rampart, na halmashauri nyingi za miji zilianza kuulizwa na wananchi kwa nini kwao huduma kama hiyo haipo.

Kulirudia agizo kunaonekana jambo dogo, lakini ndani yake kulikuwa na fundisho lililorithiwa kutoka kwa wauguzi, ambao kwa miaka mingi walijihakikishia mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Wodini mambo hayo hukaguliwa kwa faili, kitambulisho cha mkononi na muuguzi wa pili. Barabarani mgonjwa pengine hana jina, mwanga ni wa tochi, na wa pili ndiye anayembana kifua asife. Kwa hiyo sauti ya redio ilifanya kazi mbili kwa pamoja, kibali na ukaguzi, na redio ilipokuja kuachwa ni kibali pekee kilichopatiwa mbadala upesi. Ukaguzi ulichukua muda mrefu zaidi kujengwa upya.

Mtu aliyeigeuza hali hiyo kuwa elimu ya kudumu alikuwa Nancy Caroline, daktari aliyeshika uongozi wa tiba wa Freedom House katikati ya miaka ya 1970. Alikwenda na vijana wake katika magari, akawasikiliza kwenye redio hata usiku, akawakosoa walipokosea, na kutokana na kazi hiyo akaandika mtaala wa kwanza wa kitaifa wa mafunzo ya paramediki kwa ajili ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, kisha kitabu Emergency Care in the Streets kilichotoka mwaka 1979 na ambacho matoleo yake mapya yanasomwa bado. Freedom House yenyewe haikuishi kuona matunda hayo, kwani Oktoba 1975 mji wa Pittsburgh uliifunga na kuanzisha huduma yake, na wengi wa waasisi weusi waliwekwa kando katika chombo ambacho ujuzi wake ulitoka kwao. Ni haki kusema wazi kwamba nchi nzima iliufuata mtaala uliotokana na kazi yao huku mji wao ukiwasahau kwa muda mrefu.

Safari ya Caroline inaigusa Afrika Mashariki kwa njia isiyotajwa sana. Baada ya kufanya kazi Israeli, katika miaka ya 1980 alihamia Nairobi na kulitumikia shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees kama huduma ya madaktari wa ndege. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson shirika hilo liliziunganisha zahanati na hospitali za misheni za Kenya na Tanzania kwa redio ya upepo, na kwa mtazamaji wa juu juu mtandao huo ulifanana na ule wa Los Angeles. Ulitofautiana nao katika jambo la msingi. Tabibu wa zahanati iliyo mwendo wa siku nzima kutoka hospitali ya wilaya alikwishazoea kupima, kuamua na kutoa dawa bila daktari, kwa kuwa mfumo wa afya wa nchi hizi ulijengwa juu ya kada za kati tangu mwanzo, na redio ilimpatia ushauri au ndege. Paramediki wa Marekani, aliyekuwa dakika chache kutoka hospitali kubwa, ndiye aliyehitaji redio ili apate ruhusa. Uhuru wa kuamua, kwa maneno mengine, ulikuja kwa wingi pale madaktari walipokuwa mbali, na ulicheleweshwa pale walipokuwa karibu.

Huko Marekani sauti ilianza kutoa nafasi kwa karatasi. Redio zilikatika kwenye maghorofa na mabonde, madaktari waliopokea simu mara nyingine walikuwa wageni kuliko paramediki aliyepiga, na ilidhihirika kwamba agizo lililotolewa lilikuwa karibu kila mara lile ambalo paramediki alikwisha kulitarajia. Mwaka 1974 viwango vya kitaifa vya ufufuaji wa moyo vilichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na katika miaka iliyofuata kila eneo liliandika maagizo ya kudumu, yaani maelekezo yaliyosainiwa mapema na daktari msimamizi yakisema dalili zipi zikionekana dawa ipi itolewe na kwa kiasi gani. Uamuzi ulikuwa umehamia katika kijitabu cha mfukoni. Mwanafunzi alijifunza kuufuata mchoro wa visanduku na mishale, na mitihani ilipima kama anaukumbuka.

Karatasi ilikuwa na ubaya wake, kwani iliyasambaza makosa kwa ufanisi uleule iliosambaza nao maarifa. Lidokaini ndiyo mfano wenye uzito zaidi. Kwa sababu hutuliza mapigo yaliyopotea mwendo, ilionekana busara kumpa kila mtu mwenye shambulio la moyo kabla mapigo hayajaharibika, na kwa miaka mingi maelfu ya wagonjwa waliokuwa wakizungumza na kupumua vizuri walichomwa dawa hiyo kama kinga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tafiti nyingi zilipounganishwa pamoja zilionyesha kwamba ingawa dawa ilipunguza mitetemo ya moyo, haikupunguza vifo, na huenda iliviongeza. Mwaka 1989 jaribio jingine kubwa likaonyesha kwamba dawa mbili za jamii ya karibu, enkainidi na flekainidi, ziliwaua wagonjwa ambao zilikusudiwa kuwalinda. Sodiamu bikaboneti na kalsiamu, zilizokuwa zikimiminwa kwa kila aliyesimama moyo, ziliondolewa katika matumizi ya kawaida na miongozo ya mwaka 1986. Paramediki aliyehitimu mwaka 1975 na kustaafu mwaka 2000 alizishika dawa nyingi ambazo baadaye aliamriwa kuziacha, na kila mara alikuwa ametimiza wajibu wake kikamilifu.

Karatasi haikuweza pia kumlinda dhidi ya kosa la mkono. Adrenalini, homoni inayobana mishipa na kuuchochea moyo, ilikaa katika mkoba kwa namna mbili zilizoandikwa kwa uwiano: 1:1,000, ambayo kila mililita ina miligramu 1, na 1:10,000, ambayo kila mililita ina sehemu ya kumi tu ya miligramu. Mtu mzima aliyevimba koo kwa mzio baada ya kung'atwa na nyuki huhitaji miligramu 0.3 hadi 0.5, ichomwe kwenye msuli wa paja; aliyesimama moyo hupewa miligramu 1 kwenye mshipa. Mhudumu aliyeichanganya njia au aliyepotea katika masifuri aliweza kumpa mtu aliye macho dozi ya maiti, na moyo uliokuwa mzima ukaingia katika mapigo ya hatari mbele ya macho yake. Wanafunzi waliifanya hesabu hiyo darasani bila shida, kisha baadhi yao wakaikosea saa nane usiku, jambo linalothibitisha kwamba tatizo lilikuwa katika lebo zaidi ya kuwa katika akili zao. Ilipofika Mei 2016 ndipo Marekani ilipoondoa maandishi ya uwiano katika lebo za dawa hiyo na kubakiza miligramu kwa mililita, baada ya nusu karne ya kuwataka watu wawe makini zaidi.

Sambamba na hayo ulikuwa ukibadilika uelewa wa namna uamuzi wenyewe unavyofanyika. Katikati ya miaka ya 1980 mwanasaikolojia Gary Klein aliwachunguza makamanda wa zimamoto wa Marekani na kukuta kwamba hawakulinganisha njia mbadala kama vitabu vilivyodhani, bali waliitambua hali kwa kufanana na walizokwisha kuziona, wakaijaribu kichwani njia ya kwanza iliyowajia, na wakaitumia isipoonyesha kasoro. Paramediki wengi walikuwa wa vituo hivyohivyo vya zimamoto, na walimu wao walijitambua katika maelezo hayo. Njia hiyo ni ya haraka na mara nyingi ni sahihi, ila humsaliti aliyeona kisa kimoja tu cha aina yake: jasho na kuchanganyikiwa kunakofanana na ulevi kunaweza kuwa sukari iliyoshuka, na anayeharakisha kutambua hapimi. Kwa sababu hiyo mafunzo ya sasa humtaka mwanafunzi ataje kwa sauti jambo la pili linaloweza kueleza dalili kabla ya kulitibu la kwanza, na humhesabia uamuzi wa kutotoa dawa kuwa tendo la kitabibu lenye sababu zinazopaswa kuandikwa, wala si kukwepa kazi.

Uingereza, ambako Douglas Chamberlain alianza kuwafunza wahudumu wa magari ya wagonjwa wa Brighton mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiko mamlaka ya kuamua na ushahidi kuhusu dawa zenyewe vilikokutana kwa ukaribu wa kushangaza. Tarehe 1 Aprili 2018 sheria ya nchi hiyo iliwaruhusu paramediki wa ngazi ya juu, baada ya mafunzo ya ziada, kuandika dawa kwa mamlaka yao wenyewe, bila agizo la daktari la sauti wala la karatasi. Julai ya mwaka huohuo yalitolewa matokeo ya jaribio la PARAMEDIC2, ambamo watu 8,014 waliosimama moyo nje ya hospitali walipewa ama adrenalini ama maji ya chumvi bila aliyewahudumia kujua ni kipi. Baada ya siku 30 walikuwa hai asilimia 3.2 ya waliopewa adrenalini na asilimia 2.4 ya wengine, lakini waliobaki na akili na viungo vinavyowatosha kuishi vizuri hawakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika, asilimia 2.2 dhidi ya 1.9, na miongoni mwa walionusurika ulemavu mkubwa wa ubongo ulikuwa mwingi zaidi kwa waliopewa dawa. Miongozo iliyofuata ya Marekani mwaka 2020 na ya Ulaya mwaka 2021 iliibakiza adrenalini, na kiasi kikabaki kilekile cha miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5, kiasi ambacho mizizi yake iko katika majaribio ya miaka ya 1960 yaliyofanywa kwa mbwa wa kilo 10 hivi.